Mji wa Kale wa Mombasa: matembezi ya miguu katika mtaa uliotulia

Mji wa Kale wa Mombasa, nchini Kenya, uko upande wa mashariki wa kisiwa, ukitazamana na Nyali ng'ambo ya mkono wa bahari. Kutoka Barabara ya Digo, ambako matatu, bajaji na wachuuzi hawapumziki tangu alfajiri, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Mtu akishaingia katika vichochoro vyake, kelele za magari humwisha masikioni. Yanayosikika ni kikohozi cha mzee barazani, watoto wakirudia aya katika chuo cha Kurani, na pikipiki moja inayopiga honi kabla ya kona kwa sababu njia haiwatoshi wawili.

Mtaa huu unaweza kutembelewa bila kiongozi wa watalii. Si mkubwa, njia zake kuu ni chache, na msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo mgeni wa Ulaya hana: anaweza kuuliza. Saa tatu hutosha kwa mzunguko unaoelezwa hapa, ikiwamo saa moja ndani ya ngome. Wakati mzuri ni asubuhi na mapema, au alasiri kuanzia saa 10, jua linapoanza kulegea.

Hata hivyo, utulivu wa Mji wa Kale haukuwapo siku zote. Kwa karne nyingi hapa ndipo palipokuwa na shughuli kuliko mahali pengine popote katika sehemu hii ya pwani. Utulivu ulikuja bandari ilipohama, na leo unaficha jambo ambalo wenyeji wanalijua vyema kuliko wageni: nyumba zinachakaa, na kila inayoanguka haijengwi tena kama ilivyokuwa.

Kufika

Kwa msafiri anayetoka Tanzania, njia ya kawaida ni kupitia Tanga hadi mpakani Horohoro, kuvuka kuingia Lunga Lunga, kisha kuifuata barabara ya pwani ya kusini kupitia Ukunda hadi Likoni. Hapo hupandwa kivuko kuingia kisiwani. Mtembea kwa miguu halipi nauli ya kivuko. Ni vizuri abiria asimame upande wenye upepo, kwa kuwa msongamano wa asubuhi na jioni ni mkubwa. Kutoka kituo cha kivuko, bajaji, ambazo Mombasa huitwa tuktuk, humfikisha mtu Ngomeni. Hilo ndilo jina wanalolitumia wenyeji kwa eneo la ngome, na dereva yeyote analijua.

Hati ya kusafiria isiachwe mkobani hotelini. Kiingilio cha ngome hutozwa kwa viwango tofauti, na raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wa mbali, mradi aonyeshe uthibitisho. Milango huwa wazi kila siku kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Ngome ya Yesu

Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milan aliyekuwa akiitumikia himaya yao ya India. Ilikamilika mwaka 1596. Ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe uliopo pale pale, na kutoka juu umbo lake hufananishwa na mtu aliyelala chali. Kabla ya hapo Wareno walikuwa wameuteketeza mji angalau mara mbili: Francisco de Almeida mwaka 1505, kisha Nuno da Cunha mwishoni mwa miaka ya 1520. Kwa hiyo ngome ilijengwa na watu waliojua hasa kwamba hawapendwi.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Mwaka 1631 mtawala wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, aliurudia Uislamu, akamuua kapteni wa Wareno na kuiteka ngome kwa muda. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira. Mzingiro huo ulidumu takriban miezi 33, na ngome ilipoanguka Desemba 1698 waliokuwa ndani wengi wao walikwisha kufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa mapigano. Meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuwasaidia, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapigambizi waliifanyia uchunguzi chini ya maji mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika jumba la makumbusho lililomo ngomeni.

Ndani, mgeni asikimbilie mizinga. Vipo vitu vidogo vinavyosema zaidi, hasa michoro ya ukutani iliyoachwa na askari na mabaharia wa Kireno: meli, samaki, watu. Ni kazi ya watu wasio na la kufanya, waliokuwa wakisubiri meli ya kuwarudisha nyumbani. Katika pembe nyingine iko Nyumba ya Waomani, ambayo kutoka darini kwake mtu huuona Mji wa Kale wote kwa mtazamo mmoja: mapaa ya mabati yenye kutu, minara, matangi ya maji, na huku na huko jengo jipya la ghorofa nyingi lililochomoza kama jino lisilolingana na mengine.

Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Iligeuzwa makumbusho na kufunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Wengi hawaelewi kwamba hadhi hiyo ni ya ngome tu, eneo lisilozidi sana hekta 2. Mtaa ulio nyuma yake, wenye watu ndani, haumo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2000 na mji wa Lamu mwaka 2001, lakini Mji wa Kale wa Mombasa ulibaki katika orodha ya maeneo yanayopendekezwa.

Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu ya ngome hii hadi mwaka 1963. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 ulikuwa kisheria mali ya Sultani, ukitawaliwa na Waingereza kwa niaba yake. Ulikabidhiwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, miezi miwili kabla ya uhuru wa Kenya. Mtanzania anayesimama hapa anasimama mahali ambapo historia ya nchi yake na ya jirani ilikuwa kitabu kimoja hadi juzi tu.

Njia ya kando ya bahari

Kutoka mlango wa ngome njia mbili huingia mtaani. Moja ni Ndia Kuu. Nyingine, iliyo karibu zaidi na maji, inaitwa Barabara ya Mbarak Ali Hinawy, na ndiyo ya kuanzia, ili Ndia Kuu iwe njia ya kurudia. Bahari itakuwa mkono wa kulia, ingawa mara nyingi haitaonekana kwa sababu ya nyumba.

Sir Mbarak Ali Hinawy alikuwa Liwali wa Pwani katika miaka ya 1940 na 1950. Alikusanya miswada ya Kiswahili kwa bidii, na aliandika juu ya Al-Akida, yule kamanda wa Sultani aliyeasi akiwa ndani ya ngome, hadi meli za Waingereza zikaipiga kwa mizinga mwaka 1875. Si barabara nyingi Afrika Mashariki zinazobeba jina la mtu aliyehifadhi mashairi.

Hatua chache mbele uko Msikiti wa Mandhry. Unakisiwa kujengwa karibu na mwaka 1570, maana yake ni mkubwa kwa umri kuliko ngome yenyewe, na bado unasaliwa. Kitu cha kutazama ni mnara wake: mnene chini, mwembamba juu, umepakwa rangi nyeupe, hauna urembo wowote. Haufanani na minara ya Uarabuni wala ya Uturuki. Mtu aliyewahi kuuona msikiti wa Malindi, Unguja, atautambua ndugu yake mara moja, kwani minara ya aina hiyo imebaki michache mno katika pwani yote.

Karibu na msikiti kuna kisima. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, aliandika kwamba misikiti ya hapa ilijengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima ambacho watu walikitumia kuosha miguu kabla ya kuingia. Aliwaona watu wakitembea peku. Mbao zile hazipo tena, lakini desturi ya kisima na msikiti kukaa pamoja mgeni ataiona kwa macho yake, karibu miaka 700 baadaye.

Asiye Mwislamu aombe ruhusa kabla ya kuvuka kizingiti, na Mwislamu achague wakati ambao hatawasumbua wanaosali. Ijumaa mchana si wakati wa kutalii. Mavazi ya heshima hayaandikwi kwenye ubao wowote, lakini yanatazamwa. Picha za majengo hazina neno. Picha za watu huombwa, na jibu la hapana hupokelewa kwa shukrani.

Uwanja wa bandari

Njia inaishia kwenye uwazi unaoitwa Government Square, uwanja wa serikali, na hapa ndipo penye moyo wa habari yote. Kabla ya Nairobi kuwa mji mkuu mwaka 1905, serikali ya Waingereza ilikuwa na makao yake Mombasa, na uwanja huu ulizungukwa na forodha, posta na nyumba za biashara. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga reli iliyoanza mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Barua na fedha walizowapelekea jamaa zao zilipitia posta ya zamani iliyokuwa hapa.

Nyuma ya forodha iko bandari ya zamani. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Oman, Ghuba na Gujarati, yakileta tende, mazulia, chumvi na vyungu, yakaondoka na kusi yakiwa yamebeba pembe za ndovu, nafaka na boriti. Yalibeba pia watumwa, jambo ambalo vibao vya utalii hulipitia haraka. Mabaharia walikaa miezi wakisubiri upepo ugeuke. Walioa, walikopeshana, waligombana, waliimba. Nyingi za nyumba zinazoonekana leo zilijengwa kwa faida ya miezi hiyo ya kusubiri.

Kisha meli zikawa kubwa. Mkono huu wa bahari ni mwembamba na haukuzifaa, na upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, una kina ambacho jina lake lenyewe linakitangaza. Magati ya maji marefu yalijengwa huko katika miaka ya 1920, reli ikaelekezwa huko, na makarani, wapagazi na wenye maghala wakafuata. Bandari ya zamani haikufungwa. Vyombo vichache vingali vinatia nanga, vingi vikienda Lamu na Somalia, na samaki wangali wanashushwa na kuuzwa jirani na hapo. Siku hizi paka ni wengi kuliko mabaharia. Ulinzi wa forodha upo, hivyo anayetaka kupiga picha ya gati aulize kwanza.

Msikiti wa Mabohora ulio jirani, mrefu na uliotunzwa vizuri, unakumbusha kwamba mtaa huu haukuwa wa kabila moja wala wa dhehebu moja. Waswahili wa Mombasa wenyewe hujihesabu kuwa mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, waliogawanyika katika Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Miongoni mwa majina yao mna Wamvita, Wajomvu, Wakilindini, Wachangamwe, Wapate na Wabajuni. Kati yao walikaa Waarabu wa Oman na Hadhramaut, Wabaluchi walioletwa kama askari, na Wahindi wa madhehebu mbalimbali.

Kurudi kwa Ndia Kuu

Jina la njia hii humchanganya mgeni kutoka Dar es Salaam, akadhani kibao kimekosewa. Hakijakosewa. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, njia ni ndia, nchi ni nti, mchele ni mtele, na njoo ni ndoo, hata Mtanzania anayeitwa kwa neno hilo anaweza kutazama huku na huku akitafuta chombo cha maji.

Lahaja hii nusura iwe Kiswahili cha Afrika Mashariki nzima. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijifunza Kiswahili hapa, na wamisionari wa kanisa lake waliendelea kukitumia Kimvita katika maandiko yao. Mshindani alikuwa Kiunguja. Mkutano ulioamua shauri hilo mwaka 1928 ulifanyika Mombasa, na uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mji uliwakaribisha wageni, wageni wakachagua lugha ya jirani. Wapo wazee wa Mombasa ambao hata leo hawajalimeza jambo hilo vizuri, na wanayo hoja: hapa ndipo alipoishi Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki takriban mwaka 1840, ambaye beti zake juu ya mapenzi, njaa, ubaya wa rafiki na ukaidi wa Mombasa dhidi ya Sayyid Said zilipokewa kwa midomo kabla ya kuandikwa. Wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni.

Ukaidi huo ulikuwa wa Mazrui, ukoo kutoka Oman uliotawala Mombasa kwa takriban karne moja bila kumtii sana mtu yeyote wa Maskati. Sayyid Said alipowatishia, waliomba ulinzi wa Waingereza, na mwaka 1824 Kapteni William Owen wa meli ya Leven aliwapandishia bendera bila kuwauliza wakubwa wake London. Serikali yake ilimkana mwaka 1826. Kijana aliyeachwa kusimamia mji, Luteni Reitz, alikufa kwa homa mwaka uleule wa kwanza, na jina lake likabaki kwa mkono wa bahari ulio magharibi ya kisiwa, Port Reitz. Mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji hatimaye. Kumbukumbu ya mkasa huo mfupi ni Leven House, nyumba iliyo kando kidogo ya Ndia Kuu, upande wa kaskazini wa njia, na ngazi zinazoteremka kutoka jirani yake hadi majini. Penye ngazi hizo pana kisima cha maji matamu, umbali mdogo tu kutoka kwenye maji ya chumvi.

Kutoka hapo hadi ngomeni, Ndia Kuu ni ya kutembea polepole na shingo ikiwa juu. Roshani za mbao zimening'inia juu ya njia, nyingine zimechongwa kama lesi. Chini yake kuna milango ya mbao nzito yenye fremu zilizochorwa maua, minyororo na maandishi. Kando ya mlango pana baraza, benchi la mawe lililoshikamana na ukuta, ambapo mwenyeji hupokea wageni wasiofika ndani. Hewa ni baridi kidogo kuliko barabarani. Wembamba wa njia ni hesabu ya waliojenga: kuta mbili zinapokaribiana, kila moja huitilia nyenzake kivuli, na upepo wa bahari hupita kwa nguvu.

Viongozi wa watalii hupenda kusema kwamba nyumba hizi zina umri wa miaka 500. Ukweli hauhitaji kutiwa chumvi. Mji ni wa kale sana, lakini sehemu kubwa ya nyumba zinazosimama leo zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa mali ya mwisho ya bandari. Ndiyo maana roshani nyingi zina sura ya Gujarati, kwa sababu mafundi na wenye fedha walitoka huko. Kilicho cha kale zaidi ni viwanja na njia zenyewe.

Nyumba zinazochoka

Ukuta wa nyumba ya Mji wa Kale ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za namna hii ni virefu na vyembamba. Chokaa hupumua: hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Mtu akiupaka ukuta huo saruji, ambayo ni rahisi kupatikana na fundi wake yuko kila kona, maji hubaki ndani, chumvi hula mawe, na boriti huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Nyumba huonekana mpya kwa miaka michache, kisha hupasuka. Ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha kwenda darini ni alama ambayo mtembezi atajifunza kuitambua kabla hajafika nusu ya Ndia Kuu.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaa umewekwa chini ya ulinzi wa sheria, ukisimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kupitia ofisi maalumu ya uhifadhi. Anayetaka kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura ya nyumba anatakiwa kupata kibali. Sheria hiyo imeokoa mengi. Lakini inamwambia mwenye nyumba asifanye nini, bila kumpa fedha za kufanya linalotakiwa. Mafundi wa chokaa wamekuwa wachache, ukataji wa mikoko unadhibitiwa, na boriti ghali zikipatikana husubiri seremala anayejua kuzipanga.

Kisha kuna urithi, ambao ndio mzito kuliko yote. Nyumba aliyoijenga mfanyabiashara mmoja mwaka 1900 leo ina warithi wa kizazi cha nne: wengine wako Mombasa, wengine Nairobi, Maskati, Dubai na London. Kila mmoja ana fungu lake, na hakuna aliye na fungu la kutosha kumfanya agharimie paa. Wanaokaa ndani mara nyingi ni wapangaji, ambao kodi yao ni ndogo kuliko bei ya ndoo chache za rangi. Anapotokea mnunuzi mwenye fedha taslimu, warithi wanaotaka kuuza huwa wengi kuliko wanaotaka kubaki. Nyumba huachwa wazi, paa huvuja misimu miwili au mitatu, ukuta hutangazwa kuwa hatari, na kibali cha kuubomoa hakikataliki tena. Ndivyo kiwanja kinavyopatikana katika mtaa uliolindwa.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo kubwa kuliko yote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka Desemba 2020, nalo lilikuwa jengo la serikali lililomo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia. Nyumba za watu binafsi za Mombasa hazina ngao hiyo, na zinapoanguka mara nyingi hazifiki katika taarifa ya habari.

Zipo pia nyumba zilizopona. Baadhi ya familia zimezigeuza za kwao kuwa maduka ya vitu vya kale, migahawa au nyumba za wageni, na roshani zilizopakwa mafuta na milango iliyosafishwa huonekana kutoka mbali. Si kila mkazi anafurahia, kwa kuwa duka la vinyago halimuuzii mtu unga wala mafuta ya taa. Lakini kati ya duka la vinyago na kifusi, wengi huchagua duka.

Kibokoni na jioni

Aliye na muda asiishie Ndia Kuu. Magharibi yake viko vichochoro vya Kibokoni na Kuze, ambako hakuna vibao vya utalii kabisa. Kupotea huko si hatari ya kutisha, kwa sababu kila njia ama inarudi baharini ama inatokea kwenye barabara ya magari. Asubuhi hupatikana mahamri na mbaazi za nazi. Jioni hutoka viazi karai, mishikaki na mkate wa mofa, na muuza kahawa hupita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe ili watu wajue kwamba amefika. Kahawa hiyo ni chungu na ina tangawizi. Hunywewa kwa kashata au kipande cha halua, na bei yake ni sarafu.

Salamu hutangulia swali. Mtu anayeuliza njia bila kusalimu atajibiwa, lakini kwa kifupi. Anayesema shikamoo kwa mzee, akangoja aitikiwe, huenda akasindikizwa hadi anakokwenda, na njiani akaelezwa nani alijenga nyumba ipi na mwanawe alihamia wapi. Maelezo hayo hayamo katika kitabu chochote cha mwongozo.

Upande wa mbali wa mtaa, vichochoro humtoa mtu karibu na Marikiti, soko la viungo, matunda na mboga lililojengwa mwaka 1914, na Barabara ya Biashara, ambayo huuza leso, nguo ambayo Tanzania huiita khanga. Wauzaji hukunja na kukunjua jozi moja baada ya nyingine, wakiyasoma majina yake kwa sauti kwa mnunuzi asiyevaa miwani. Maduka hupunguza shughuli wakati wa sala ya magharibi. Kutoka hapo kwenda Likoni ni safari fupi ya matatu, na anayetaka kuvuka bila kusukumana huondoka kabla ya saa 11 jioni au husubiri baada ya isha.